Simba wa Miaka Minne Asipigwe

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibuni. Na nyinyi waongoza watalii mliokaa nyuma, sogeeni mbele, maana maneno haya yanawahusu.

Kila ninapoitwa kuzungumza, swali la kwanza huwa lile lile: mzee, wewe unaunga mkono uwindaji wa kitalii au unaupinga? Nimeulizwa Arusha, nimeulizwa Dodoma, na leo nimeulizwa hapo mlangoni kabla sijapata hata maji ya kunywa. Mtu anayelipa makumi ya maelfu ya dola ili ampige simba risasi, kisha apeleke ngozi na fuvu kwao, raha yake mimi siielewi na sitajifanya naielewa. Lakini tukibishana juu ya raha yake tutakesha hapa, na simba ataendelea kupigwa. Swali langu ni jingine: amepigwa simba yupi?

Hapa nitakaa sana, mnivumilie.

Dume huzaliwa kundini. Akifika miaka miwili au mitatu anafukuzwa, anatangatanga na ndugu zake, anakonda, anapigwa na madume wenye eneo lao. Akiwa na miaka minne au mitano, kama yu hai, yeye na wenzake wanalitwaa kundi la majike. Wanalishika kwa miaka miwili, mitatu hivi, halafu wengine wanawang'oa. Sasa, mtoto wa simba anahitaji karibu miaka miwili kabla hajaweza kujitegemea. Pigeni hesabu wenyewe. Dume ana muda wa kulea kizazi kimoja, akijaliwa sana viwili, basi.

Ukimpiga akiwa na miaka minne, ndiyo kwanza ameingia kundini na watoto wake bado wananyonya. Wenzake wakibaki wachache, madume wageni wanaingia. Na dume mgeni akiingia anawaua watoto aliowakuta, kwa sababu jike akifiwa na watoto anarudi kwenye joto baada ya muda mfupi, na asipofiwa, dume atamsubiri hadi watoto wakue. Majike wengine wanakimbia na watoto wao nje ya eneo, na nje ya eneo ndiko kwenye maboma yenu, ndiko kwenye ng'ombe. Leseni iliandikwa simba mmoja. Waliokufa ni wangapi? Hakuna fomu inayowahesabu wale watoto.

Haya si maneno ya mzee mmoja wa Moshi. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa tangu 1966, alipoanza mtafiti George Schaller, na mtafiti mwingine, Craig Packer, akaendelea nao tangu 1978, simba mmoja mmoja, kwa sura. Mwaka 2004 Packer na wenzake walichapisha hesabu zao katika jarida la Nature: mkiwapiga madume waliofikisha miaka 5 au 6 tu, kundi halitikisiki, hata mgao, yaani idadi inayoruhusiwa kupigwa, ukiwa mkubwa. Mkishuka chini ya hapo, mnakata mzizi. Kanuni zetu zikafuata, zikaweka miaka 6. Kanuni nzuri. Mimi nazungumzia kinachotokea porini, saa kumi na mbili jioni, mbele ya chambo.

Kuna kijana anataka kuniuliza, naona: mzee, umri wa simba utaujuaje kwa mbali? Kwa pua. Pua ya mtoto ni ya waridi. Kadiri anavyokua inaingia madoa meusi, na kwenye miaka mitano hivi nusu ya pua imeshakuwa nyeusi. Hailingani kila mahali, nakubali, kwa hiyo unatazama na mengine: makovu ya usoni, meno yaliyokwisha, tumbo lililolegea. Manyoya ya shingoni usiyaamini peke yake. Kwenye joto la nchi za chini dume mzima anaweza kuwa na manyoya haba kama kijana. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, ana darubini, amekaa kibandani, na paja la nyati limening'inizwa mtini pale mbele yake. Muda wa kutazama anao. Asipouona umri vizuri, asiruhusu risasi. Sioni ugumu wowote hapo.

Wataniambia: lakini mteja amelipia siku 21, leo ni siku ya 19, hajamwona dume mzee. Basi arudi kwao na nyati wake! Leseni inampa ruhusa ya kutafuta. Nani alimwahidi kwamba atapata? Najua mwindaji bingwa anafikiria bahshishi, anafikiria mteja wa mwakani, anamfikiria bosi wa kitalu, yaani eneo la pori lililogawiwa kampuni ya uwindaji. Nimewahi kushika mafuvu mezani, meno meupe, hayajalika hata kidogo, na karatasi pembeni imeandikwa dume mzima. Ukipiga eksirei ya jino, uwazi wa ndani ni mpana, kijana kabisa. Jino halidanganyi hata karatasi ikidanganya.

Na matokeo tuliyaona. Kati ya 1996 na 2008 idadi ya simba waliowindwa nchini ilishuka kwa nusu, na ilishuka zaidi pale palipowindwa zaidi. Hao hao watafiti walishauri mgao usizidi simba 1 kwa kila kilomita za mraba 2,000. Mkipewa nafasi ya kuuliza kuhusu kitalu kilicho karibu na kijiji chenu, ulizeni ukubwa wake, mgawanye.

Wazee wa Kimaasai hapa watasema: mababu zetu waliua simba, mbona hamkuwalaumu? Siwalaumu. Morani aliyetoka na mkuki aliuweka na mwili wake hatarini, na wako ambao hawakurudi. Ninachokataa ni mtu kuikopa heshima ile ili apitishe leseni ya aliyeketi kibandani akisubiri nyama inuke. Isitoshe, simba wa wakati ule walikuwa na nchi. Leo amebaki na vipande, na shoroba, njia za wanyama kati ya hifadhi na hifadhi, kama Kwakuchinja, zinabanwa kila mwaka.

Mnamkumbuka Cecil, simba wa Zimbabwe, Julai 2015. Alipigwa mshale jirani na hifadhi ya Hwange, akakaa na maumivu saa nyingi kabla ya kumaliziwa, naye amevaa kola ya watafiti. Dunia nzima ikalia, na mateso yale yalistahili kuliliwa. Lakini Cecil alikuwa na miaka kama 13. Kwa kipimo cha umri peke yake, alikuwa amepita. Watoto wake walibaki kwa sababu mwenzake Jericho alibaki na kundi. Miaka miwili baadaye mwanawe Xanda akapigwa, ana miaka 6. Vijana wa miaka mitatu, minne wanaopigwa bila kola na bila jina, wale ambao wakiondoka kundi zima linavunjika, sijasikia mtu akiwalilia hata mmoja. Hilo linaniuma kuliko picha yoyote ya kwenye simu.

Sasa pesa. Wengine hapa wanasema tufute uwindaji kabisa, na wengine wananionyesha Kenya: walipiga marufuku 1977, na kufikia 2016 wanyama wakubwa nchini humo walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Msilikimbilie jambo hili. Kenya iliongezeka watu, mifugo, uzio na mashamba. Hamuwezi kuchukua namba ile mkaikabidhi kwa marufuku peke yake. Lakini nanyi mnaotaka kufuta, niambieni siku ya pili kitalu kitalindwa na nani. Sisi wenyewe tulifunga uwindaji 1973, tukafungua 1978. Pori lisilo na barabara nzuri, lenye mbung'o, lisilo na tembo wa kupiga picha, mtalii wa kamera haendi. Likiachwa bila mwenyewe, ndani ya miaka michache ni mahindi na ufuta. Kwa hiyo mimi sisemi uwindaji ufutwe. Nasema anayelipwa kulitunza pori alitunze, na simba kijana asiguswe.

Na mfugaji? Simba yule wa dola amekulia ng'ombe wa nani? Amekula Longido, amekula Simanjiro. Tunavyo kifuta machozi na kifuta jasho kisheria, malipo ya serikali kwa walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyamapori, lakini muulizeni aliyefuatilia ni ofisi ngapi amepita. Mtu akichoka anatia sumu ya wadudu kwenye mzoga. Februari 2018, jirani na Ruaha, walikufa simba 6 na tumbusi zaidi ya 70 kwa mzoga uliotiwa sumu. Boma la miti hai na waya, lililojengwa vizuri, linamzuia simba usiku. Fedha ya kitalu ianzie hapo, kabla ya semina na kofia.

Simba mla watu ni jambo jingine, na naomba tusilichanganye na mchezo. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, wengi wao kusini mashariki, Lindi na Rufiji. Mkulima analala shambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Simba huyo auawe, upesi, na askari mwenye kazi hiyo. Asisubirishwe mteja aje na ndege.

Chui nitampitia haraka, ingawa hali yake ni mbaya. Sheria inaruhusu dume tu. Ngozi 77 zilizowindwa kati ya 1995 na 1998 zilipimwa vinasaba, na zaidi ya robo zilikuwa za majike. Chui anakuja kwenye chambo gizani, na hajulikani kirahisi jinsia yake. Kwa chui mimi ningeanza kwa kusimamisha, tupime kwanza. Nitabishana na yeyote baada ya hapa.

Ninachotaka ni kidogo. Kila mwaka, kwa kila kitalu: simba wangapi wamepigwa, meno yamesema miaka mingapi, kijiji kimepata shilingi ngapi. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, si kwenye ripoti ya kufungiwa kabatini. Na kampuni iliyoleta fuvu la miaka minne ipunguziwe mgao mwaka unaofuata, bila barua ya kuombewa.

Tembo wa Enduimet, kule Longido, nilikuwa nimewaandalia sehemu yao, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Yule mzee wa Longido ameinua mkono tangu nilipotaja sumu. Mpeni kipaza sauti, aanze yeye.