Jani Lililofungwa Karatasi Nyeusi

Walimu wenzangu, habari za mchana.

Nikianza mada ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwanza huwatoa wanafunzi nje, chini ya mwembe wa shule. Nawauliza: mti huu ulianza na kokwa, sasa uzito wote huu umetoka wapi? Wanajibu kwa pamoja: kwenye udongo! Siwalaumu. Hata sisi majumbani tunasema mbolea ni chakula cha mimea.

Karne ya 17, Jan Baptist van Helmont wa Brussels aliupima udongo huo. Alipanda mche wa willow wa ratili 5 kwenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169 na ushee. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua wakia 2 hivi. Akasema basi mti wote umetokana na maji. Hapo alikosea, maana hewa hakuiweka kwenye hesabu, lakini kuhusu udongo alishamaliza ubishi.

Sisi hatuna miaka 5, tuna vipindi viwili na mikebe iliyopandwa maharage. Nataka kuwaeleza mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili, kwa sababu lilikwama.

Nilifunga kipande cha karatasi nyeusi katikati ya jani, nikaacha mmea juani mpaka saa nane. Tukachuma jani, tukalitia kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye spiriti ya moto mpaka umbijani, ile rangi ya kijani, ukatoka wote. Jani likabaki jeupe, kavu, linavunjika kama papatu za kitunguu. Tukalirudisha kwenye maji ya moto likalainika, tukalitandaza kwenye sahani nyeupe. Ayodini ya duka la dawa, ambayo hugeuka bluu nyeusi ikikuta wanga, chakula ambacho jani hutengeneza juani, nilikuwa nimeizimua mpaka ikafanana na chai ya rangi. Tukadondosha. Jani lote likawa bluu nyeusi, hata pale palipofunikwa!

Nilitamani kulifuta lile jani na kuchora jibu sahihi ubaoni. Binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza: "Mwalimu, huu wanga si unaweza kuwa wa jana?"

Ulikuwa wa jana kweli. Mmea nilikuwa sijauweka gizani kwanza ili umalize akiba yake. Kitabu kinasema uwekwe gizani saa 48, na mimi nilikuwa nimeusoma mstari huo miaka yote bila kuuona. Tulirudia jaribio wiki iliyofuata, safari hii mmea ukiwa umelala kabatini siku mbili. Katikati ya jani pakabaki mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka kama rula, na pande zote mbili bluu nyeusi. Udongo ule ule, maji yale yale, jani lile lile. Hakuna mwanafunzi aliyetaja udongo tena siku ile.

Ndiyo maana nawasihi, jaribio likikataa msilifiche. Waacheni watoto watafute kilichokosewa. Mwaka mwingine kundi moja lilileta jani la kitunguu, halikugeuka rangi kabisa, na tukajifunza kwamba kitunguu hutunza chakula chake kama sukari, si kama wanga.

Jambo moja sina mzaha nalo: spiriti haiwekwi juu ya moto, wala karibu na moto. Chemsha maji, epua, zima jiko kabisa, ndipo utumbukize kikombe cha spiriti ndani ya sufuria ya maji hayo. Mvuke wa spiriti unashika moto kabla hujajua kinachotokea, na nyuso zilizoinama pale ni za watoto.

Sasa ni saa tisa. Ile mikebe sita dirishani ilitoka kabatini leo alfajiri baada ya siku mbili, mitatu ikafungwa karatasi nyeusi, mingine mitatu haikufungwa. Maji yamechemka na jiko limezimwa. Sogeeni mezani, kila wawili wachume jani moja.