Kilembe, mji wa shaba tunaoupita njiani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenda milima, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mmeniambia hapo mlangoni kwamba mnajiandaa kupanda Rwenzori kwa njia ya Kilembe. Hongereni. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kitazungumziwa na wenzangu waliobobea. Mimi nimekuja na ombi moja: kabla hamjavaa mabuti ya mpira, tengeni siku nzima mkae Kilembe penyewe. Mgeni akishuka kwenye gari asubuhi, akakutanishwa na wapagazi na kuanza kupanda, anakuwa ameukata katikati mji ambao zamani uliipatia Uganda bidhaa yake ya tatu ya kuuza nje, baada ya kahawa na pamba. Na anakuwa ameuona kama maegesho tu.

Kwa wasiopajua: mnafika kwanza Kasese, magharibi kabisa mwa Uganda, tambarare yenye joto kali karibu na Ziwa George. Kutoka hapo barabara inafuata mto Nyamwamba kuingia milimani. Bonde linazidi kubana, joto linapungua, na baada ya kilomita zipatazo 12 mnaanza kuona nyumba za kampuni ya mgodi zimejipanga mistari kwa mistari, zote sura moja. Wenyeji wa milima hii ni Wakonzo, na mashamba yao yamepanda miinuko ambayo wengi wetu tungeiogopa hata kuitembea.

Kampuni ya Tanganyika Concessions ilifanya utafiti wa shaba hapa katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja Wakanada, kwanza kampuni ya Frobisher na baadaye Falconbridge, na mwaka 1956 mgodi ukaanza kuzalisha. Hapo nataka tusimame kidogo, kwa sababu mwaka huohuo reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na bila reli hiyo kusingekuwa na mgodi. Mawe yenyewe yalikuwa na shaba asilimia 2 hivi. Maana yake, katika kila tani 100 zinazotolewa mlimani, 98 ni takataka. Huwezi kusafirisha takataka hadi Mombasa. Kwa hiyo mawe yalisagwa palepale Kilembe hadi yakawa unga, unga ukachanganywa na maji na dawa, hewa ikapulizwa kutoka chini. Chembe zenye shaba zinang'ang'ania mapovu na kupanda juu, mchanga mtupu unazama. Povu likikusanywa na kukaushwa ndiyo makinikia, neno ambalo Watanzania waliomo humu hawahitaji kufundishwa. Makinikia yakapanda treni hadi Jinja, ambako kiwanda cha kuyeyusha shaba kilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Toka Jinja, shaba ikaenda kwa reli hadi bandari ya Mombasa. Reli ya zaidi ya kilomita 1,600, bwawa, kiwanda na bandari, vyote vikishikana mikono na bonde moja jembamba la mlimani.

Ndiyo maana nasema tusiliangalie jengo la kusagia kama gofu la kupigia picha. Nendeni mkasimame mbele yake. Limejengwa kwa ngazi kushuka mteremko, kwa sababu mawe yaliingizwa juu na kila hatua ya kazi iliachia mzigo ushuke wenyewe kwenye hatua inayofuata. Mabati yameota kutu. Kisha tafuteni mmoja wa midomo ya mahandaki ubavuni mwa mlima. Angalieni maji yanayochuruzika: pembeni mwa mfereji utaona utando wa kijani unaoelekea buluu umeshika kwenye mwamba, na mahali pengine tope la rangi ya machungwa. Kijani ile ni shaba, na machungwa yale ni chuma. Mgodi umefungwa zaidi ya miaka 40, na mlima bado unatoa madini kila siku bila mchimbaji. Mkiuona utando huo kwa macho yenu, mengine yote nitakayosema yataeleweka.

Kwenye kufungwa kwa mgodi sitakawia sana, kisa chake kinafanana na vya viwanda vingi vya wakati ule. Amin alichukua nchi 1971, wataalamu wakaondoka, Wakanada nao wakatoka na mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Bei ya shaba duniani ilianguka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana, vita vya 1979 vikamalizia. Kufikia 1982 uzalishaji ulikuwa umekwisha. Treni za Kasese zilisimama katika miaka ya 1990. Shaba haikuwa imeisha ardhini. Kilichoisha ni uwezo wa kuitoa.

Lakini watu hawakuondoka. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, na ndilo linaloitofautisha Kilembe na miji ya migodi ya Marekani iliyobaki milango ikipigwa na upepo. Kwenye kwota za kampuni watoto wanazaliwa hadi leo. Shule zipo, makanisa yapo, maduka yapo, na hospitali ya mgodi iliendelea kutibu watu wa mlimani miongo mingi baada ya mgodi wenyewe kufa. Kampuni ilijenga mji ili ichimbe shaba. Shaba iliposimama, mji ukajikuta una kazi yake yenyewe ya kufanya.

Na mji huo unaishi na mabaki. Zile tani 98 kati ya 100 nilizozitaja hazikwenda popote. Topesumu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, ililundikwa kando ya Nyamwamba, ndani ya bonde ambalo halina nafasi ya ziada. Madini ya Kilembe yana salfa nyingi. Salfa ile ikikutana na maji na hewa inazaa tindikali, na tindikali inaila shaba iliyobaki pamoja na kobalti, metali nyingine iliyomo kwenye mawe hayo, na kuzishusha mtoni. Watafiti waliopima bonde hili wamekuta metali hizo kupita kiasi kwenye maji na kwenye udongo ambao watu wanalimia mboga. Kule Kasese tambarare nako liliachwa lundo la zaidi ya tani milioni moja lenye kobalti, na maji ya mvua yaliyotoka kwenye lundo hilo yaliua majani katika ukanda mrefu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kuanzia 1999 kiwanda kilichojengwa hapo kililichakata kwa kutumia bakteria wanaokula salfa. Ni ufundi wa kusifiwa, na lundo lile likageuka mali. Malundo ya bondeni Kilembe hayakupata bahati hiyo.

Halafu mto wenyewe. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa, ukavunja madaraja na nyumba, ukaingia hospitalini. Mei 2020 ulirudi, na safari hii hospitali ililazimika kuhamisha wagonjwa. Mkipita mtaona kingo za mto zilivyo: uwanja mpana wa mawe meupe yaliyoviringika, mahali palipokuwa na njia na bustani. Kila mafuriko yanakata sehemu ya malundo na kuyatawanya chini, hadi kwenye mashamba ya tambarare. Msidanganyike kwamba ni barafu ya juu inayoyeyuka ndiyo inayofurika. Barafu ya Rwenzori imebaki kidogo mno, haifiki kilomita moja ya mraba, kutoka takribani 6 na nusu mwaka 1906. Ni mvua kubwa kwenye miteremko mikali, ikishukia kwenye bonde lililojazwa.

Sasa, namna ya kwenda. Chukueni basi la Kampala hadi Kasese, na kutoka Kasese zipo teksi na bodaboda. Miezi ya Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ina mvua nafuu, ingawa Rwenzori haina msimu mkavu wa kweli. Kiswahili kitawafaa huko pengine kuliko Kampala. Msiingie handaki lolote bila mwongozaji wa mahali hapo, hata kama mlango uko wazi: mbao za kushikilia paa ni za zamani na hewa ya ndani haiaminiki. Maji ya kunywa nunueni au bebeni. Na ulizeni wazee waliowahi kufanya kazi mgodini. Wapo, ingawa wanapungua. Mwiteni mzee, kaeni, msitoe simu mapema. Anayejua zamu za usiku zilivyokwenda, kengele zilivyolia, nani aliishi kwota ipi, huyo ndiye mwongozaji wenu, na alipwe kama mwongozaji.

Mtawasikia wakizungumza juu ya mwekezaji. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kampuni ya Kichina kwa matumaini makubwa, na 2017 serikali ikavunja mkataba. Tangu hapo mazungumzo ya kuufufua hayajawahi kupoa. Mimi sipingi kuufufua. Vijana wa Kilembe wanataka kazi. Ila nikikutana na yeyote aliyesoma mkataba mpya, swali langu la kwanza haliwi tani ngapi za shaba. Namuuliza ukurasa upi unasema malundo ya kando ya Nyamwamba yataondolewa na nani, yatapelekwa wapi, na kabla ya mwaka gani. Ninawaomba nanyi mkiwa kule mliulize hilo, kwa sauti, kwa kila ofisa mtakayekutana naye.

Nimemaliza. Maswali?