Kasha la Mnyama na Joto la Kompyuta

Ndugu zangu mafundi na wanafunzi, kasha la kompyuta lenye umbo la mnyama haliui kompyuta. Kinachoua ni ngozi yake.

Chukueni kasha la PC-T1 la Lian Li, kampuni ya Taiwan. Ni buibui wa alumini, mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) iko wazi, joto linatoka bila kizuizi. Udhaifu wake ni vumbi, na kwa vumbi la kiangazi la hapa Arusha, lazima ipulizwe mara kwa mara. Sasa mlinganishe na Compubeaver ya Kasey McMahon wa Marekani, kompyuta iliyowekwa ndani ya biva (beaver, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito) aliyekaushwa. Inachekesha kweli, na nampongeza aliyeibuni, lakini manyoya ni blanketi.

Tupige hesabu. Kompyuta ya wati 150, ukitaka joto la hewa inayotoka lisizidi la inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, inahitaji mita za ujazo 50 hivi za hewa kwa saa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 13 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu. Feni ya milimita 120 huweza kazi hiyo ikipumua vizuri. Ikizibwa na manyoya, hewa hupungua, prosesa (ubongo wa kompyuta) hukaribia nyuzi 100 na kujipunguza kasi yenyewe. Mtumiaji atalalamika kwamba mashine inakwenda polepole, kumbe imeshikwa na joto.

Mkitengeneza simba au tembo wa kitambaa, toeni pamba na sponji yote. Fungeni fremu ya chuma ndani, ngozi ikae sentimita 3 mbali na vifaa. Hewa iingie tumboni kupitia wavu, itoke juu mgongoni, maana hewa ya moto hupanda. Nyoeni manyoya sentimita 5 kuzunguka kila tundu. Nywele moja ikijisokota kwenye ekseli (mhimili wa feni), feni inaanza kulia na baadaye inakwama. Fremu iunganishwe na waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini), kwani manyoya ya plastiki yakisuguliwa siku kavu hutoa cheche za kutosha kuharibu memori. Pawa saplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) ibaki nje; tumieni adapta.

Kisha pimeni joto. Iendesheni kwa mzigo kamili wa kazi dakika 30 bila ngozi, halafu dakika 30 ikiwa imevaa. Tofauti ikizidi nyuzi 10, ongezeni tundu la kutolea hewa kabla ya kuongeza feni.