Euro 43.50 kwa saa: sikilizeni kabla hamjaacha kiti chenu cha chuo, Kasapa

Jambo wapendwa wa Lubumbashi, jambo Likasi na Kolwezi, jambo ba-papa na ba-mama. Na jambo kwenu maasistanti na ma-CT (chefs de travaux, ngazi iliyo juu ya asistanti) mnaonitumia ujumbe kila wiki na swali lile lile: "Yaya, huko Ufaransa mwalimu wa chuo kikuu analipwa ngapi?" Nimelikwepa kwa sababu najua litakalofuata. Nikitaja kiasi, wataniambia najivuna. Nikisema kiasi hicho hakitoshi, wataniambia nalia nikiwa nimeshiba, au nawafungia wadogo zangu mlango. Leo nalijibu, kwa sababu kuna watu wanafikiria kuuza kiwanja kwa ajili ya jambo hili. Wa kusema atasema.

Ya kwenu siyarudii. Kungoja kumekanizwa (kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali), primu inayotegemea minervali, yaani karo, ya wanafunzi, mgomo: mnayaishi kila siku. Naongea ya huku tu.

Kiasi kinachozunguka kwenye simu zenu ni cha kweli. Euro 43.50 ndiyo bei ya saa moja ya TD (mazoezi na kikundi cha wanafunzi) kwa vakateri, yaani mwalimu anayelipwa kwa masaa, imewekwa na serikali tangu Julai 2023. Saa ya kozi ya ukumbini inahesabiwa saa moja na nusu ya TD, yaani 65.25. Saa ya TP (kazi za vitendo, kama za maabara) ni theluthi mbili, yaani 29. Zote ni kabla ya makato. Basi mtu aliyekaa Kasapa anachukua 43.50, anazidisha kwa saa 40 za wiki, anapata 1,740, anaanza kuaga jamaa. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Saa inayolipwa ni ile tu uliyosimama mbele ya wanafunzi. Kutayarisha somo, kutunga mtihani, kusimamia, kusahihisha, vyote vimo ndani ya bei ile ile. Dekreti ya tarehe 29 Oktoba 1987, inayotawala vakateri hawa, inasema wazi kwamba kazi ya mitihani haileti malipo ya ziada. Sasa chukueni hesabu ya serikali yenyewe. Mwalimu-mtafiti wa kudumu ana saa 1,607 za kazi kwa mwaka. Nusu ni ya kufundisha, yaani saa 803 na nusu, nazo zinalingana na saa 192 za TD. Kwa hiyo kila saa ya TD inabeba saa nne na zaidi kidogo za kazi. Gawanyeni 43.50 kwa 4.18, mnapata kama euro 10.40. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini hapa, SMIC, kilikuwa 11.88 kwa saa. Mwenye doktora anayefundisha hivi, kwa hesabu hiyo, yuko chini ya kima cha chini. Wanaofundisha hivi ni maelfu na maelfu, na hilo linaniuma, nalisema bila kuona haya.

Halafu kuna kikomo. Mwanafunzi wa doktora aliyechukuliwa kama vakateri havuki saa 96 za TD kwa mwaka. Zidisheni: euro 4,176. Igaweni kwa miezi 12: euro 348 kwa mwezi, na makato bado. Studio ya Paris hailipiki kwa hiyo.

Jambo ambalo watu hawaniamini kabisa ni hili: asiye mwanafunzi wa doktora wala mstaafu lazima awe na kazi kuu mahali pengine kabla hajawa vakateri. Awe ameajiriwa angalau saa 900 kwa mwaka, au saa 300 kama kazi yake kuu ni kufundisha, au aongoze biashara yake, au ajitegemee kwa shughuli ambayo imekuwa ikimlisha kwa muda fulani. Akiipoteza kazi hiyo kuu, anaruhusiwa kuendelea kufundisha mwaka mmoja tu. Sheria inamchukulia vakateri kuwa mtu anayekula kwingine. Kwa hiyo anayewaambia "njoo, utaishi kwa masaa" anawapoteza. Na yule anayeuza "kontra ya chuo", yaani mkataba wa kazi, kwenye WhatsApp ni mwizi. Masaa ya vakateri hayakupi viza ya kazi. Mwenye karti ya mwanafunzi naye anafungwa na kikomo cha saa 964 za kazi kwa mwaka.

Malipo yenyewe? Tangu Septemba 2022 sheria inataka vakateri alipwe kila mwezi. Lakini mshahara hautoki mpaka dosie ikamilike na masaa yathibitishwe kwamba yametolewa. Dosie inataka diploma, CV, namba ya benki, namba ya usalama wa jamii, karti ya kukaa ambayo haijaisha muda, na cheti cha mwajiri mkuu. Ikikosekana moja, masaa yako yanalala. Karti ikiisha katikati ya muhula, malipo yanasimama. Karatasi ya masaa ikifika baada ya orodha ya mwezi kufungwa, unasukumwa mwezi unaofuata, na mwezi unaofuata unaweza kuwa wa likizo. Shefu wa idara akikuambia "anza kufundisha, karatasi zitafuata", muombe kwa heshima kontra iliyosainiwa kwanza. Usimwogope. Namba ya usalama wa jamii inataka cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu tuna hukumu ya mahakama badala ya cheti cha awali, na kuitafuta mkiwa huku ni mateso. Ichukueni na kuilegalizisha kabla ya kupanda ndege.

Sasa kontra za kweli, na hapa nasisitiza kwamba kila mtu ana dosie yake. Silazimishi mtu.

Kama wewe ni CT bila doktora, njia yenye mshahara ni kontra ya doktora. Ni miaka mitatu, na tangu Januari 2026 mshahara wake hauwezi kuwa chini ya euro 2,300 kwa mwezi kabla ya makato. Ukipewa masaa ya kufundisha juu yake, hayavuki 64 ya TD kwa mwaka. Lakini kujiandikisha kwa doktora si kupata kontra. Wengi wanaandikishwa bila hata senti. Swali la kumwuliza profesa wa huku kwenye barua ya kwanza kabisa ni nani atalipa.

Kama una doktora tayari, angalieni ATER, kontra ya muda ya kufundisha na kufanya utafiti chuoni. Watu wengi wanadhani ni ya wanafunzi wanaomaliza doktora tu. Dekreti ya tarehe 7 Mei 1988 ina mlango wa wageni: uwe na doktora au diploma inayokubaliwa kuwa sawa nayo, na uwe umefundisha au umefanya utafiti angalau miaka miwili katika chuo cha nje ya Ufaransa. Miaka yako ya Lubumbashi inahesabika! Kontra kwa mgeni huyo inafika miaka mitatu, na inaweza kuongezwa mara moja kwa mwaka mmoja. Saa ni 192 za TD kwa mwaka, au 128 za kozi ya ukumbini, au 288 za TP, na mshahara unaingia kila mwezi hata likizo. Chuo kikikuchukua, kiombe kikutayarishie karatasi inayoitwa convention d'accueil, ndiyo inayofungua karti ya kukaa ya mtafiti.

Papa profesa, wewe uliyepanda ngazi tayari, usikubali masaa. Ukihitaji kuja kwa muda mfupi, tafuta nafasi ya profesa mwalikwa, kiti chako cha nyumbani kinabaki. Ukitaka kubaki moja kwa moja, uraia si kizuizi kwa kiti cha maître de conférences, mwalimu-mtafiti wa kudumu. Kwa kawaida unapitia kwanza kalifikasio, kibali cha kugombea kiti kinachotolewa na CNU, baraza la taifa la vyuo vikuu. Ila mtu anayeshika tayari, nje ya Ufaransa, kazi ya mwalimu-mtafiti ya kiwango sawa na kiti kinachogombewa anaweza kusamehewa kalifikasio hiyo, na baraza la chuo husika ndilo linaloamua. Ukipitia CNU, wanataka ripoti ya utetezi wa teze ya doktora. Kama kwenu haikuandikwa, omba cheti cha chuo kinachosema kwamba haikuandikwa. Dosie inaweza kukataliwa bila hata kusomwa kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Na cheti cha kazi! Kinatoka kwa katibu mkuu wa utawala, SGAD. Msikubali kile kinachosema tu "ni asistanti katika chuo chetu". Kiseme tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza au kwamba unaendelea, cheo, kozi ulizofundisha na masaa yake. Bila tarehe, ile miaka miwili ya ATER haina ushahidi.

Majina pia. Sisi tuna jina, postnom na prenom, fomu za huku zina sehemu mbili. Diploma inasema hivi, pasipoti vile, benki inakataa. Fuateni pasipoti herufi kwa herufi kwenye kila fomu. Na pale diploma inapotofautiana, chuo kitoe cheti kwamba ni mtu yule yule, kikiwa na muhuri, mngali huko.

Anayeuliza kuhusu Ubelgiji, mfumo wake ni mwingine kabisa, msiutumie huu. Mkiniandikia, semeni cheo, kama doktora imetetewa, na miaka mliyofundisha. Bila hayo matatu siwezi kumjibu mtu chochote cha kumsaidia.