Borrow na Lend: Kalamu Inakwenda Wapi?

Asanteni. Nitasimama tu, muda wenyewe ni mfupi.

Nianze na sentensi ambayo wengi humu wameisema au wameisahihisha: "Borrow me your pen." Mwalimu huipiga mstari mwekundu, juu yake anaandika "lend", basi. Mwanafunzi anakariri, na wiki ijayo anairudia ileile. Mimi nasema kosa hilo si uzembe. Linatoka kwenye Kiswahili, tena Kiswahili fasaha.

Hebu sikilizeni. "Niazime kalamu": hapo nakutaka wewe unipe. "Naomba niazime kalamu": hapo huenda mwazimaji ni mimi. Kile kiambishi "ni" kimekuwa mtendwa kule, mtenda huku, na kalamu inakuja kwangu vilevile! Kuazima ni kutoa na ni kupokea. Kuazimisha lipo, najua, lakini wangapi wetu hulitumia tukiwa na haraka? Wajerumani nao wana "leihen" lenye tabia hiyohiyo.

Kiingereza hakina subira hiyo. Anayepokea ndiye "borrows", na anayetoa kitu hutajwa kwa "from". Anayetoa ndiye "lends", na mpokeaji hutajwa kwa "to", au hukaa papo hapo baada ya kitenzi: "lend me a pen". Kauli ya kutendwa ndiyo inayoumbua. "I was lent a book", sawa, niliazimwa kitabu. Lakini ukisema "I was borrowed", basi wewe mwenyewe ndiye uliyechukuliwa, na tunaomba urudishwe mzima.

Msidhani sasa kwamba Kiswahili kimezubaa. Sisi tunagawa mahali pengine. Kalamu unaazima, kwa kuwa utarudisha kalamu ileile. Pesa unakopa: noti ile itakwenda zake, utalipa nyingine ya thamani hiyo. Methali zinalijua hili kuliko wanasarufi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kukopa harusi, kulipa matanga. Jaribuni kubadilishana vitenzi hivyo muone methali zinavyochacha. Mwingereza husema "borrow" kwa nguo na kwa deni, wala hashtuki. Yeye anauliza kitu kinaelekea wapi. Sisi tunauliza kitarudi nini.

Ndiyo maana nawaambia walimu wenzangu: msianze na kalamu, anzeni na pesa. Katika pesa Kiswahili kimeshatenganisha mwelekeo. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend", hakuna anayekosea, maana mdai na mdaiwa hawajawahi kuchanganyana. Hilo likishakaa, ndipo mwanafunzi alihamishie kwenye kalamu.

"Loan" nalo? Wamarekani hulitumia sana kama kitenzi, kwa maana ya "lend", kwa vitu na kwa pesa. Lakini kusaidia kazi ni "lend a hand". Hapo "loan" haliingii.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kuhusu lugha zenyewe: zinapochukuliana maneno, zinaazima au zinakopa? Kiingereza kinasema "borrow", kama kawaida yake. Wanaisimu wetu husema maneno ya mkopo, na sikio langu linakubali. "Kitabu" tulilitoa kwa Waarabu, "shule" kwa Wajerumani, na hakuna siku tutakapowarudishia maneno yaleyale. Deni lenyewe, kusema kweli, bado hatujaanza kulilipa.