Kifungo Kimoja cha Shati

Wapendwa watazamaji wa Bukavu, wa Ibanda, Kadutu na Bagira, hamjambo. Mama mmoja wa Kadutu, ambaye mume wake amepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi, ameniomba nieleze jinsi wagonjwa wa namna hiyo wanavyohudumiwa hapa Marekani.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya utengamao, yaani mahali mgonjwa anapolazwa hatari ya kifo ikishapita, ili afundishwe upya kutembea, kula, kuvaa na kusema. Hapumzishwi. Kwa kanuni za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hufanya mazoezi kwa muda wa saa 3 kwa siku, siku 5 kwa juma.

Juma lililopita nilimsimamia mzee aliyekuwa akifunga kifungo cha shati kwa mkono wake dhaifu. Kilimponyoka, akakishika, kikamponyoka tena, na jasho likamtoka. Mimi niliyelelewa kwetu, ambako mkubwa haachwi ahangaike mbele ya mdogo, nilinyoosha mkono nimsaidie, lakini mtaalamu akanizuia kwa macho. Baada ya dakika kumi hivi kifungo kiliingia, naye akakipapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayehakikisha kwamba kimo kweli. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia kitendo chenyewe mara nyingi, hivyo kila tunapomfanyia mgonjwa jambo analoliweza, tunampokonya zoezi.

Mama wa Kadutu, najua kwako hakuna kitanda cha umeme. Hata hivyo, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, ili makalio na visigino visifanye vidonda. Msimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa sababu bega lisiloshikwa na misuli huumia upesi. Asilishwe akiwa amelala. Akae wima, apewe tonge dogo la bugali, na amalize kumeza kabla ya kupewa lingine. Akikohoa kila anapokunywa maji, mwambieni daktari bila kuchelewa, kwani huenda yanaingia mapafuni. Na akiacha sambaza, wale samaki wadogo, za upande wa kushoto wa sahani, msidhani ameshiba: pengine ubongo wake hauutambui upande huo, basi mwambieni ageuze kichwa atazame.

Hapo Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, kinachohudumia watu wenye ulemavu, na Goma kuna kituo kama hicho, Shirika la Umoja. Nawasihi msingoje, kwa kuwa miezi ya kwanza ndiyo ambayo nguvu hurudi zaidi.

Nitapiga simu Jumapili baada ya misa. Tafadhali, simu aishike mumeo mwenyewe, hata kama picha itatikisika.