Jumla ya Mwezi Haipangi Zamu

Wakubwa zangu shikamooni. Wauguzi wafawidhi, waganga, na ninyi maafisa takwimu ambao mara nyingi tunawakumbuka ripoti ikichelewa tu, asanteni kwa kuja.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa wauguzi wawili. Wiki ile mafua na kikohozi vilikuwa vimetanda mji mzima. Ilipofika saa 6 usiku kila kitanda kilikuwa na watoto wawili, na mama wengine wamekaa sakafuni wamewapakata wao. Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, mipira yake imegawanywa kwa watoto wanne. Mnajua kupima pumzi za mtoto: unamfunua kifua, unatazama saa, unahesabu dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi chini ya 5 akifika 40, anahema kwa kasi. Nilipomaliza wa mwisho, wa kwanza alishapitiliza muda wa kupimwa tena.

Asubuhi tukakabidhi zamu kwa wauguzi saba. Saba wa mchana, wawili wa kukesha. Nikauliza sababu, nikaambiwa ratiba ndivyo ilivyo miaka yote.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kwenye takwimu.

Sisi kuandika tunaandika sana. Kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kinajazwa mstari kwa mstari, mwisho wa mwezi tunajumlisha, jumla inaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, inapanda wilayani, mkoani, wizarani. Kurudi wodini hairudi. Na hata ingerudi, jumla ya mwezi haipangi zamu. Wagonjwa 3,000 kwa mwezi ni wastani wa 100 kwa siku, lakini nionyesheni siku waliyokuja 100 kamili. Jumatatu wanafurika, Jumapili mabenchi matupu.

Basi mimi na mtunza kumbukumbu tukafanya jambo dogo. Kitabu kina tarehe, saa hakina. Kwa wiki mbili, kila mgonjwa alipofika dirishani, saa yake iliandikwa pembeni mwa mstari kwa penseli, ili kitabu kisichafuke. Kisha tukachora maboksi kwenye karatasi tukapiga vijiti, saa kwa saa. Asubuhi vijiti vilijaa kama tulivyotarajia. Lakini watoto wa kuhema kwa shida walikuwa na kilele kingine kuanzia saa 11 jioni, mama zao wakishatoka sokoni na shambani. Hao ndio wanaolazwa, na ndio tuliokesha nao tukiwa wauguzi wawili.

Sasa naandika ubaoni hesabu ambayo naomba muondoke nayo. Idadi ya waliolala wodini ni wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961 akishughulika na foleni, na wodi ni foleni iliyolala. Chukua mfano: unalaza watoto 6 kwa siku, kila mmoja anakaa siku 4. Wodini wako 24. Msimu wa mafua unaingia, unalaza 9, na kwa kuwa wengi wamepata nimonia wanakaa siku 5. Wodini wako 45. Waliolazwa wameongezeka nusu tu, ila kazi ya muuguzi imekaribia kuwa mara mbili. Anayehesabu mlangoni pekee hataiona hiyo 45 mpaka imjie.

Na mkitaka kuongeza muuguzi mmoja pembeni mwa vitanda, mchana na usiku, mnahitaji watu wangapi? Mwaka una zamu 1,095, tatu kila siku. Mtu mmoja anafanya kazi siku 260, ondoa likizo ya siku 28 ambayo ni siku 20 za kazi, ondoa kuugua na mafunzo, tuseme 10. Zinabaki 230. Gawanya: karibu watu watano kwa nafasi moja. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukokotoa mahitaji ya watumishi kwa wingi wa kazi, iitwayo WISN, na msingi wake ni hesabu ya namna hii.

Msimu wenyewe je? Marekani wanaanza kuhesabu wiki ya 40, mwanzoni mwa Oktoba, na mara nyingi kilele chao ni Februari. Australia ni katikati ya mwaka, kwenye baridi yao. Huku kwetu kwenye joto virusi vya mafua vinazunguka karibu mwaka mzima, na vilele vinatofautiana mahali na mahali, kwa hiyo kalenda ya wenzetu haitufai. Fungueni vitabu vyenu vya nyuma, mhesabu kwa wiki. Lakini mwaka 2020 na 2021 iwekeni kando: wakati wa korona mafua yalikaribia kupotea duniani, na watu waliogopa kuja hospitali.

Wala msingoje maabara. Maabara inatuambia kirusi gani, ni muhimu kwa chanjo. Ratiba ya zamu inataka kujua ni wangapi wana joto la 38 na kikohozi wiki hii. Zikipita wiki mbili mfululizo idadi iko juu ya kawaida ya wiki hizo, simamisheni likizo mpya mapema, kabla wauguzi wenyewe hawajaanza kuugua.

Google walijaribu kukisia mafua kwa kutazama watu wanatafuta nini mtandaoni. Walianza mwaka 2008. Msimu wa 2012 hadi 2013 makisio yao Marekani yakafika karibu mara mbili ya wagonjwa waliohesabiwa na madaktari, na mwaka 2015 wakaacha kuyatoa. Mimi naamini penseli ya dirishani kuliko hayo.

Pale kwetu, wa asubuhi wakabaki watano. Mmoja alihamia usiku, mmoja tukamwekea zamu ya katikati, saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Vijiti vilisema ni sawa kabisa. Lakini dada aliyepangiwa alikuwa na mtoto anayenyonya na anakaa mbali, saa 2 usiku daladala za kwao zimeshaadimika. Tulikuwa hatujamuuliza. Tukaisogeza ianze saa 5 asubuhi, iishe saa 1 jioni, na kilele cha saa 11 bado kinamkuta wodini.

Karatasi ya vijiti ninayo hapa, anayetaka kuipiga picha aje mbele. Karibuni maswali.